Kazadi au Kidiaba? Kambove bado yabishana juu ya kipa mkubwa kuliko wote

KAMBOVE – Katika mji huu wa migodi, ambao hauko mbali na Likasi, kuna ubishi usiongoja siku ya mechi. Inatosha kijana mmoja aseme kwamba Kidiaba ndiye mlinda mlango mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka Katanga. Kama karibu naye kuna mzee aliyestaafu Gécamines, mazungumzo mengine yote yanakufa. Mzee atauliza kwanza kama huyo anayesema aliwahi kumwona Kazadi. Jibu linajulikana: hapana. Na hapo ndipo mambo yanaanza.

Ubishi huu umeingia katika nyumba nyingi za wapenzi wa TP Mazembe, kuanzia Kamalondo, kartie ya Lubumbashi ambako timu ina kiwanja chake, hadi Likasi, Kambove na Kolwezi. Baba yuko upande mmoja, mtoto upande wa pili. Wapenzi wa Lupopo nao huingilia kati, mara nyingi kwa kuchokoza tu. Kila mmoja anahesabu makombe, na mwisho kila mmoja anarudi nyumbani akiwa na msimamo ule ule aliokuja nao.

Lakini ukiusikiliza vizuri, ubishi huu hauishii kwenye makombe. Unahusu namna watu wanavyokumbuka, na nani atabaki wa kukumbuka.

Kwa nini kipa?

Mshambuliaji anaweza kukosa magoli matano na kufunga moja dakika ya mwisho, na watu wakambeba mabegani. Kipa anaweza kuokoa mara kumi, akateleza mara moja, na watoto wa watoto wake wakaja kuulizwa juu ya ile mara moja. Yeye ndiye anayeona kiwanja chote akiwa nyuma, anayepanga mabeki kwa sauti, na ndiye wa kwanza kulaumiwa. Ndiyo maana kumchagua kipa bora ni kazi ngumu kuliko kumchagua mfungaji bora. Magoli yanaandikwa. Magoli ambayo hayakuingia hayaandikwi popote.

Katanga imebahatika kuwa na makipa wawili ambao majina yao yalivuka mipaka ya Afrika. Wote wawili walichezea timu moja, wote wawili walivaa jezi ya taifa, na wote wawili waliitwa Robert: Robert Kazadi na Robert Kidiaba.

Wa kwanza alipoteza hilo jina la Robert katikati ya safari yake. Nchi ilipobadilishwa jina kuwa Zaïre mwaka wa 1971, na siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye asili ikakataza majina ya kizungu, aliandikwa Kazadi Mwamba tu. Ndivyo lilivyo jina lake katika orodha ya Kombe la Dunia la 1974. Wa pili alizaliwa mwaka wa 1976, wakati majina hayo yalikuwa bado yamekatazwa, lakini ulimwengu ulikuja kumjua kama Robert Muteba Kidiaba.

Hoja ya wazee

Ili kumwelewa Kazadi ni lazima kwanza kuijua timu aliyoichezea. Mazembe ilianzishwa mwaka wa 1939 na mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface, katika mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville. Mwanzoni ilikuwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul, halafu ikachukua jina la kampuni ya matairi, Englebert. Mwaka wa 1966 ilitwaa ubingwa wa nchi, na kutokana na ushindi wa wakati huo likaongezwa jina la Tout Puissant, yaani yenye nguvu zote. Jina la Mazembe lilikuja baadaye.

Katika miaka hiyo ya Englebert, Kazadi alikuwa golini. Mwaka wa 1967 timu ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza ilikuwa 1-1, ya pili 2-2. Iliamuliwa kwamba zichezwe dakika nyingine Kamerun. Kotoko hawakufika, na kombe likaja Katanga. Toleo la mwaka wa 1968 Englebert ilichukua tena kombe hilo kwa kuifunga Étoile Filante ya Lomé magoli 5-0 katika mechi ya kwanza. Katika mechi ya marudiano ilifungwa 4-1, lakini hesabu ilikuwa imekwisha: 6-4. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kulihifadhi kombe hilo miaka miwili mfululizo.

Mwaka wa 1969 na wa 1970 walifika fainali tena, wakashindwa na Ismaily ya Misri, kisha na Kotoko waliokuja kulipiza. Fainali nne mfululizo. Wazee wa Kambove wakitaja hesabu hiyo, hunyanyua vidole vinne na kunyamaza, kwa sababu hawaoni la kuongeza.

Upande wa taifa, Kazadi alikuwa katika kizazi kilicholeta Kombe la Afrika mara mbili, na hakuna kizazi kingine kilicholileta tangu hapo. Mwaka wa 1968 huko Addis-Abeba, Congo iliifunga Ghana 1-0 katika fainali, kwa goli la Pierre Kalala, mshambuliaji wa Englebert aliyeitwa Bombardier. Mwaka wa 1974 huko Cairo, Zaïre ilitoka sare ya 2-2 na Zambia, mechi ikarudiwa siku mbili baadaye, na magoli mawili ya Mulamba Ndaye yakamaliza kazi.

Kati ya makombe hayo mawili kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka wa 1973, gazeti la France Football lilipomchagua mchezaji bora wa Afrika, tuzo ilichukuliwa na Tshimen Bwanga, beki wa Mazembe. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa kipa aliyesimama nyuma yake kila wiki, Kazadi. Beki na kipa wa timu moja ya Lubumbashi walikuwa wa kwanza na wa pili katika bara zima. Mbele ya washambuliaji wote wa Afrika, wapigakura waliwachagua watu wawili ambao kazi yao ilikuwa kuzuia.

Dakika 21 za Gelsenkirchen

Pamoja na hayo yote, mtu wa nje ya Congo akisikia jina la Kazadi, kama analijua, analijua kwa mechi moja. Tarehe 18 mwezi wa sita mwaka wa 1974, Zaïre ilicheza na Yugoslavia huko Gelsenkirchen, Ujerumani. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Ilifungwa 9-0.

Kijana anayetaka kumshinda mzee katika ubishi hutaja namba hiyo tu. Lakini namba hiyo inaficha mambo mengi.

La kwanza ni kwamba timu iliingia kiwanjani ikiwa imevunjika moyo. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba pesa walizoahidiwa hazikuwafikia, na kwamba walikuwa tayari kukataa kucheza. Siku nne mbele walikuwa wamesimama vizuri dhidi ya Scotland na kufungwa 2-0 tu.

La pili ni kwamba Kazadi hakufungwa magoli tisa. Alifungwa matatu. Dakika ya 21 kocha Blagoje Vidinić, aliyekuwa Myugoslavia na ambaye zamani alikuwa yeye mwenyewe kipa wa taifa lake, alimtoa na kumwingiza Tubilandu Dimbi wa Vita Club. Sababu ya uamuzi huo imesimuliwa kwa njia nyingi tangu siku ile. Tubilandu alipoingia, kitu cha kwanza alichofanya ni kuuokota mpira wavuni. Dakika hizo hizo Ndaye alitolewa nje kwa kadi nyekundu kwa kosa ambalo halikuwa lake, na timu ikabaki na watu kumi kwa zaidi ya saa moja.

La tatu ni kwamba Kazadi alirudishwa golini siku nne baadaye, dhidi ya Brazil waliokuwa mabingwa wa dunia. Brazil walihitaji magoli matatu ili wapite mbele ya Scotland. Walipata mawili, na muda ukawa unaisha. Halafu shuti la Valdomiro, ambalo halikuwa na nguvu kubwa, likapita chini ya mwili wa Kazadi. Ikawa 3-0. Brazil walipita kwa tofauti ya goli moja, Scotland wakarudi nyumbani bila kufungwa hata mechi moja.

Goli hilo wazee hawalikatai. Wapo wanaokubali kwamba lilikuwa kosa lake, kosa ambalo kipa wa kiwango chake hapaswi kulifanya. Wanachokataa ni kwamba miaka yote ya kazi ihukumiwe kwa mpira mmoja. Hesabu ya Kombe la Dunia lile ni hii: Zaïre ilifungwa magoli 14 katika mechi tatu. Manane yalimkuta Kazadi golini. Sita yalimkuta akiwa amekaa benchi.

Hoja ya vijana

Vijana nao hawana haja ya kuomba msaada wa mtu. Kidiaba waliyemwona wao alikuwa mtu mzima, mwenye nywele zilizosukwa, aliyekuwa akitoka golini kama mtu anayefukuza mwizi. Timu ikifunga, yeye aliketi chini, akanyoosha miguu mbele na kurukaruka kwa makalio hadi watu wakalie kwa kicheko. Watoto wa Kambove waliuiga mtindo huo mavumbini, kama walivyouiga watoto wa nchi nyingi.

Kwa Mazembe, makombe ya Afrika yalikuwa yamekauka. Baada ya Kombe la Washindi la 1980, karibu miaka 30 ilipita. Kisha mwaka wa 2009 timu ilirudi. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ilifungwa 2-1 na Heartland huko Owerri, Nigeria, ikashinda 1-0 Lubumbashi, na goli la ugenini likaipa ubingwa. Katika hesabu kama hiyo, kila goli ambalo kipa amelizuia Owerri lina thamani ya kombe zima. Mwaka uliofuata Espérance ya Tunis ilikuja Lubumbashi ikafungwa 5-0, na marudiano yakawa 1-1. Miaka miwili mfululizo tena, kama enzi za Englebert.

Kisha ikaja Abu Dhabi. Mwezi wa 12 mwaka wa 2010, Mazembe iliingia Kombe la Dunia la Klabu bila mchezaji wake mwenye kipaji kuliko wote, Trésor Mputu, aliyekuwa amefungiwa na FIFA. Wachache nje ya Congo waliiwekea tumaini. Iliwafunga Pachuca wa Mexico 1-0 kwa goli la Mbenza Bedi. Tarehe 14 ikakutana na Internacional ya Porto Alegre, mabingwa wa Amerika ya Kusini, ambao miaka minne nyuma walikuwa wamelichukua kombe hilo hilo. Wabrazili walishambulia, Kidiaba akaokoa, wakashambulia tena, akaokoa tena. Mulota Kabangu akafunga. Dioko Kaluyituka akaongeza la pili. Ikawa 2-0, na Kidiaba akarukaruka mbele ya dunia nzima.

Ilikuwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali ya kombe hilo. Tarehe 18, Inter Milan ya Samuel Eto'o ilishinda 3-0, na magoli mawili yaliingia kabla ya dakika ya 20. Lakini hakuna aliyerudi Lubumbashi na aibu.

Vijana huongeza mengine. Mwaka wa 2009, katika CHAN ya kwanza kabisa, kombe la wachezaji wanaocheza ndani ya nchi zao, Kidiaba alikuwa na Leopards walioifunga Ghana 2-0 huko Abidjan. Mwaka wa 2015, akiwa na miaka 39, alikuwa golini DRC ilipopata nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika baada ya mikwaju ya penalti dhidi ya Guinea ya Ikweta. Mwaka huo huo Mazembe iliishinda USM Alger mechi zote mbili za fainali, 2-1 na 2-0, na kuchukua ubingwa wa Afrika kwa mara ya tano.

Mwisho wa msimu huo ukaleta jambo ambalo linawafanya hata wazee watabasamu. Katika tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika, wa kwanza alikuwa Mbwana Samatta, Mtanzania wa Mazembe. Wa pili alikuwa Kidiaba. Miaka 42 baada ya Kazadi kushika nafasi ya pili nyuma ya mwenzake wa Mazembe, kipa mwingine wa Mazembe alikaa pale pale. Tuzo hizo mbili si sawa, kwa kuwa ile ya 1973 iliwahusu Waafrika wote. Lakini zinaonyesha jambo moja: hata kipa akiwa mkubwa namna gani, mara nyingi kuna mtu anayewekwa mbele yake.

Mizani isiyo sawa

Ukihesabu makombe tu, kila upande una kitu cha kushika. Kazadi ana ubingwa wa klabu za Afrika mara mbili na Kombe la Afrika mara mbili. Kidiaba yuko katika mataji matatu ya klabu, ana CHAN, nafasi ya tatu ya Afrika, na fainali ya dunia. Ukiweka nchi mbele, Kazadi anashinda. Ukiweka klabu mbele, Kidiaba anashinda. Hapo ndipo ubishi hukwama, na ndipo watu huanza kupandisha sauti.

Shida ni kwamba wawili hawa hawakufanya kazi ile ile, ingawa walisimama mahali pale pale.

Wakati wa Kazadi, beki aliyebanwa aliweza kumrudishia kipa mpira, na kipa akaudaka kwa mikono. Tangu mwaka wa 1992 sheria inakataza. Kidiaba alilazimika kujua kutumia miguu huku mshambuliaji akimkimbilia, jambo ambalo Kazadi hakuulizwa. Kwa upande mwingine, makipa wengi wa miaka ya 1960 walidaka kwa mikono mitupu au kwa glavu nyepesi, na mpira wa ngozi ulikunywa maji ya mvua hadi ukawa mzito kama jiwe. Kidiaba alikuwa na glavu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na katika miaka yake ya mwisho alicheza nyumbani kwenye nyasi za bandia za Kamalondo, ambako mpira hauruki ovyo.

Mashindano nayo yamebadilika. Kombe la Mabingwa la 1967 lilikuwa la mtoano: ukifungwa, umerudi nyumbani. Tangu mwaka wa 1997 kuna makundi, mechi ni nyingi zaidi, na timu inaweza kuanguka siku moja ikainuka wiki ijayo. Hata penalti za kuamua mshindi ziliingia katika sheria za mpira mwaka wa 1970 tu. Kama zingekuwapo mwaka wa 1967, fainali na Kotoko ingeamuliwa palepale na mikono ya Kazadi, si na safari ya Kamerun. Nishani ya shaba ya Kidiaba ya 2015, yeye aliipata kwa njia hiyo hiyo ambayo Kazadi hakupewa.

Halafu kuna watu waliosimama mbele yao. Kazadi alikuwa na Bwanga, beki bora wa Afrika wa wakati wake. Kidiaba alikuwa na Joël Kimwaki, Jean Kasusula, na Stoppila Sunzu wa Zambia. Hakuna kipa anayelinda goli peke yake, na hakuna anayeweza kusema ni mashuti mangapi hayakufika kwa Kazadi kwa sababu Bwanga alikuwa njiani.

Ushahidi na mashahidi

Lakini tofauti kubwa kuliko zote haiko kiwanjani. Iko katika namna mechi zilivyofika Kambove.

Mechi za Englebert zilifika hapa kwa redio, au kwa mdomo wa mtu aliyerudi kutoka Lubumbashi. Aliyekuwa na pesa ya safari alikwenda kuona mwenyewe, na aliporudi, kambi nzima ya wafanyakazi ilimzunguka. Kazadi wa Kambove alikuwa kwanza sauti na simulizi. Kila aliyesimulia aliongeza kidogo urefu wa kuruka kwake. Kidiaba alifika kwa televisheni. Walimwona kwa macho yao, mahali palipokuwa na umeme au jenereta, na leo kijana anaweza kutoa simu mfukoni na kuonyesha ile mechi ya Internacional mbele ya yeyote anayebisha.

Kwa hiyo katika ubishi huu upande mmoja una ushahidi, upande wa pili una mashahidi. Ushahidi haufi. Mashahidi wanakufa.

Mzee aliyekuwa na miaka 20 wakati Englebert ilipochukua kombe la 1967 amekaribia miaka 80. Kizazi cha 1974 kinaondoka mmoja baada ya mwingine. Ilunga Mwepu, beki wa Mazembe ambaye dunia inamkumbuka kwa kuupiga mpira wa faulo wa Wabrazili kabla haujapigwa, alifariki mwaka wa 2015. Ndaye, aliyefunga magoli tisa katika Kombe la Afrika la 1974, rekodi ambayo haijavunjwa, alifariki mwaka wa 2019. Kazadi mwenyewe hayuko tena. Picha za mechi za Englebert ni chache. Zilizo rahisi kupatikana ni zile za Ujerumani: magoli tisa, na shuti la Valdomiro likipita chini.

Hapo ndipo kuna hatari. Televisheni ilimkuta Kazadi katika wiki mbaya kuliko zote za kazi yake, na haikuwapo katika miaka mizuri. Ilimkuta Kidiaba katika wiki nzuri kuliko zote. Kijana anayelinganisha picha na picha haonyeshi ubaya wowote. Analinganisha kile alichoachiwa.

Kidiaba naye hayuko salama. Sehemu kubwa ya dunia inamjua kwa kurukaruka kwa makalio, si kwa mashuti ya Internacional aliyoyazuia. Na tayari kuna watoto ambao, ukiwauliza kipa mkubwa wa Congo, wanamtaja Lionel Mpasi, aliyezaliwa Ufaransa. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2024, huko Côte d'Ivoire, Mpasi alipiga yeye mwenyewe penalti ya mwisho iliyoitoa Misri katika Kombe la Afrika. Kwao Kidiaba ni jina la baba zao. Baada ya miaka 20, huenda yeye ndiye atakayehitaji wazee wa kumtetea.

Hukumu inayowezekana

Je, kuna jibu? Ukiwalazimisha watu wa Kambove kutoa moja, wengi wa umri wa kati, waliosikia habari za Kazadi kwa baba zao na kumwona Kidiaba wenyewe, huwa na njia yao. Wanasema Kidiaba ndiye aliyefika mbali zaidi, na Kazadi ndiye aliyeifungua njia. Kabla ya Kazadi na wenzake, hakuna aliyejua kwamba timu ya mji wa shaba inaweza kuwa bingwa wa Afrika. Kidiaba alipoingia kiwanja cha Abu Dhabi, alivaa jezi ambayo tayari ilikuwa na uzito.

Jibu hilo haliwaridhishi wazee wala vijana, na labda ndiyo sababu ni zuri. Linakataa kumpunguza mmoja ili kumkuza mwingine.

Ila kuna kitu ambacho hakiwezi kungoja makubaliano. Katika Kambove, Likasi na Lubumbashi bado wapo watu waliokaa kiwanjani siku za Englebert na kumwona Kazadi akiruka. Simu ile ile inayomwonyesha Kidiaba inaweza kurekodi sauti ya mzee. Jioni moja inatosha: alikaa upande gani wa kiwanja, alilipa nini kuingia, Kazadi alisimama vipi kwenye kona, Bwanga alimwitaje. Mambo hayo hayako katika orodha yoyote ya matokeo.

Yasipoandikwa, siku moja ubishi wa Kambove utaisha wenyewe, na watu watasema Kidiaba ameshinda. Hatakuwa ameshinda. Itakuwa tu hakuna aliyebaki wa kumsimamia Kazadi.